Mstari Uliodondokea Ukurasa wa Pili

Watu wa Iguguno walimwita Mama Enta, na yeye alilipenda jina hilo. Siku hizi mtu akimwita hivyo hageuki, na mimi nikiwa karibu namwambia huyo mtu afunge mdomo wake. Jina lake ni Elina. Ana duka la steshenari hapa barabarani, na mimi Amne, fundi cherehani, tunatumia kibaraza kimoja. Mlango wake na wangu imetenganishwa na nguzo tu. Miaka yote hiyo hatujawahi kununiana hata siku nzima, na mimi ni mtu wa hasira, muulize yeyote.

Jina la Enta alipewa kwa ajili ya mlio. Elina alijifunza kompyuta mjini Singida akiwa msichana, kwenye kozi ya kanisani. Mwalimu wao aliwaambia ukitaka maneno yashuke kwenye karatasi, gonga enta. Ukitaka yashuke zaidi, gonga zaidi. Basi, somo likaishia hapo, na Elina akalibeba hivyo hivyo miaka yote. Mtu akileta kadi ya harusi, kabla hujasikia kitu kingine utasikia ta-ta-ta-ta-ta, maneno yanateremka kwenye kioo. Anasogea nyuma, anafumba jicho moja, anaongeza ta moja, anatazama tena.

"Wee Elina," nilikuwa namwambia, "unachapa au unatwanga?"

"Natwanga. Lete mtama."

Tunacheka mpaka wateja wanatushangaa.

Lakini kazi yake ilikuwa safi, nisimnyime haki yake. Alichukia karatasi ambayo maneno yote yamerundikana juu, chini kweupe tupu. Alisema karatasi ya hivyo inaonekana kama mtu aliyevaa shati akasahau suruali. Yeye alitaka weupe wa juu ulingane na weupe wa chini, maneno yakae katikati kwa heshima. Barua ya Elina unaitambua hata ikibandikwa mlangoni kwa mtendaji wa kata. Na kazi aliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa historia za marehemu.

Huku kwetu mtu hashushwi kaburini kabla hajasomwa. Mtoto wake mkubwa anasimama mbele ya jeneza na karatasi, anasoma marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma mpaka darasa gani, aliugua nini. Watu wanasikiliza huku wanafukuza inzi. Mwishoni inakuja sehemu ya aliowaacha, na hapo hata wanaopiga soga kule nyuma wananyamaza. Mtoto akitajwa pale, tunasema kasomwa. Mtoto aliyesomwa ni wa nyumba ile, hakuna wa kumuuliza tena. Asiyesomwa hatafukuzwa na mtu kwa fimbo, hapana, atapewa ugali kama wengine. Ila kila mtu atajua, na yeye atajua kwamba wanajua.

Sasa nije kwa Faith.

Faith ni mtoto wa Elina, yuko kidato cha pili. Baba yake alikuwa Laurian, yule mwenye mashine ya kukamua alizeti. Laurian alikuwa na mke wake wa ndoa, Emiliana, na watoto wao wanne. Sitalipaka jambo hili rangi: Elina alizaa na mume wa mtu, na alilipia kwa macho ya watu miaka yote hiyo. Laurian hakuwa mbaya. Alikuwa analeta viatu vya shule, analeta dumu la mafuta msimu wa alizeti, akimkuta mtoto barabarani anasimamisha pikipiki na kumuuliza habari za masomo. Lakini nyumbani kwake hakuwahi kumpeleka. Shuleni mtoto anaitwa Faith Zefania, jina la babu yake mzaa mama. Na hilo paji la uso ni la Laurian mtupu, mpaka kipofu angemtambua.

Mtoto alikua na hilo swali usoni. Akiwa mdogo alikuwa anakuja kukaa chini ya meza yangu, anaokota vipande vya vitambaa, halafu ghafla: "Ma'mdogo, hivi mimi ni wa wapi?" Namjibu wewe ni wa hapa kibarazani. Anacheka kidogo, ila haridhiki.

Laurian alipougua, akalazwa hospitali mjini, akaona mwenyewe kwamba harudi. Akamwita kaka yake mkubwa, mzee Antipasi, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao. Akamwita Emiliana na Joshua, mtoto wa kwanza. Akawaambia: Faith ni mwanangu, siku yangu ikifika, asomwe. Mimi ningekuwa Emiliana ningetupa sufuria. Emiliana akasema, "Asomwe." Mzee Antipasi akasema, "Kama umesema."

Joshua ndiye aliyekuja kumweleza Elina. Nilimwona Elina anatoka nje, anashika nguzo yetu, mdomo unacheza lakini sauti haitoki. Nikadhani mgonjwa kafa. Faith akatoka nyuma yake, machozi yanamtiririka na huku anacheka, akaniambia, "Ma'mdogo, nitasomwa."

Hebu fikiria. Mtoto anamlilia baba yake ambaye bado anapumua, na hapo hapo anafurahi kama aliyefaulu mtihani, kwa sababu siku atakayompoteza ndiyo siku atakayompata. Niliingia ndani nikajifanya natafuta uzi.

Laurian akafariki. Emiliana akafanya jambo ambalo mimi nitamheshimu kwalo mpaka nife: alituma kipande cha kitenge, kile kile cha sare ya watoto wa marehemu, nimshonee Faith. Nikashona, tena nikaacha kitambaa cha kutosha kwenye pindo, maana nilijua gauni lile atalivaa miaka mingi.

Elina akasema historia ataichapa yeye. Nikamwambia pumzika, mtu mwingine atachapa. "Nani?" akaniuliza. "Mimi ndiye nitakayemwandika mwanangu." Joshua akaleta maelezo ya mkono. Majina ya watoto yalipangwa kila moja na mstari wake: Joshua, Lucy, Simeoni, Hana, na mstari wa mwisho kabisa, "na Faith."

Mchana ule wote nilisikia ta-ta-ta. Aligonga enta juu ili kichwa cha habari kishuke. Akagonga kati ya kuzaliwa na kubatizwa, kati ya kazi na ugonjwa, akavuta huku, akaachia kule. Mwishowe akaniita.

"Tazama, Amne. Kila mtu kakaa mahali pake."

Nikatazama. Kweli ilikuwa imependeza, mimi sijawahi kuona karatasi imetulia vile. Jina la Faith lilikuwa chini kabisa, mstari wa mwisho wa ukurasa. Ila mimi ni mtu wa pindo, jicho langu linakwenda chini bila kuambiwa.

"Chini hapa pamebana," nikamwambia.

"Nikipunguza juu, inaharibika."

"Usije ukakosa pa kushikia."

"Amne, karatasi ni karatasi. Haitanuki wala haisinyai."

Nikaona ni kazi yake, anaijua. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Tatizo likawa printa. Printa yake ilikuwa imekufa, inameza karatasi na kuitoa imekunjamana, na fundi wake alikuwa hajafika. Joshua akasema hakuna shida, kesho asubuhi anakwenda mjini kuchukua mwili, ataichapisha hukohuko. Elina akamwekea kwenye flashi, akaifunga flashi ndani ya leso, akampa kwa mikono miwili.

Siku ya mazishi upepo ulikuwa ule wa kwetu, unaopiga mpaka turubai linataka kuondoka na watu. Alizeti zilikuwa zimeinama pande zote za ule uwanja. Elina na mimi tulisimama kando, kwa wanawake wa jirani, maana yeye pale hakuwa na nafasi na hakuitafuta. Faith alikuwa amesimama karibu yetu na gauni lake. Emiliana akaja mwenyewe, na nguo zake nyeusi za msiba, akamshika mkono, akampeleka kwenye mstari wa watoto, akamweka pembeni ya Hana. Watu wakanong'ona. Elina akanibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Joshua akasimama kusoma. Alisoma vibaya, maskini, analia, anameza maneno, anarudia. Akafika kwa aliowaacha. Mjane, Emiliana. Watoto. Akajisoma mwenyewe, Joshua. Akasoma Lucy. Akasoma Simeoni. Akasoma Hana. Akafika mwisho wa karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma. Kulikuwa kweupe. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema apumzike kwa amani, akarudi mahali pake huku anafuta uso kwa kiganja.

Nilimsikia Elina anavuta pumzi. Sikumsikia anaitoa.

Na mtoto, jamani, mtoto! Mimi hili ndilo linaloniamsha. Faith hakuelewa. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, mikono imeshika gauni pembeni, anasubiri. Mchungaji akaomba, yeye anasubiri. Jeneza likashuka, yeye anasubiri. Watoto wakaitwa kutupa udongo, Hana akatupa, halafu yeye akasita na kumtazama Joshua, kana kwamba bado kuna neno limebaki mdomoni kwa kaka yake. Alipoona wanaume wameshika makoleo, ndipo kidevu kikashuka.

Nilitaka kupiga kelele. Elina akanizuia, akasema kwa sauti ndogo, "Amne, usimzikie baba yake kwa fujo."

Baada ya chakula ukoo ukakaa. Emiliana akasema, mtoto hakusomwa na marehemu aliagiza. Mzee Antipasi akamwambia mjane atulie. Akasema yeye hakugusa karatasi, hakumzuia mtu, na jina liliandikwa, Joshua shahidi. "Tulimwandika," akasema. "Kama hakusomwa, basi Laurian mwenyewe kabadilisha mawazo." Na katika nyumba yao kusoma ni mara moja tu, wakati mwenyewe bado yuko juu ya udongo na anasikia. Akishafukiwa, hakuna wa kumwongezea mtoto nyuma ya mgongo wake. Wazee wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hivyo ndivyo kosa la karatasi lilivyogeuka kuwa neno la marehemu, na neno la marehemu nani atabishana nalo?

Nilimfuata Joshua zizini kwao. Nilikuwa nimeshaamua kwamba yeye ndiye aliyefanya hila.

"Wewe! Umekata jina la mtoto wa watu kwa mkasi au kwa wembe?"

"Mama Amne, haki ya Mungu tena, sijakata."

"Usiniapie. Lete karatasi!"

Akaitoa mfukoni, imelowa jasho. Nikaitazama huku na huku. Haikukatwa. Iliishia kwa Hana, na chini ya Hana kulikuwa na ukingo tu. Joshua akaanza kulia upya, ananiambia alijua kuna jina, ila alipoona karatasi imeisha akili ikaganda, akafikiri labda ameshalitaja. Kijana kamzika baba yake leo, mimi namtukana zizini. Nikamrudishia karatasi yake, lakini hasira ilibaki palepale, ikawa inatafuta pa kwenda.

Ikaenda mjini. Nilipopata safari ya kununua uzi nikamuuliza Joshua lile duka alilochapishia, nikapanda gari. Njiani nilijipanga maneno yote ya kumwambia huyo mtu. Kumbe nimekuta mtu mzima, mpole, ana miwani imefungwa kwa uzi, ananiambia karibu mama, kaa, jua ni kali. Nikakaa kwa shari. Kwenye kioo cha mlango alikuwa amebandika tangazo kwa nje, nililisoma wakati naingia: LAMINESHENI HAKUNA LEO, kwa kalamu nene. Sasa mimi niko ndani, natazama upande wa nyuma wa lile tangazo, na jua linapiga. Juu kabisa ya karatasi, peke yake, kulikuwa na mstari mmoja wa kuchapa.

na Faith.

Chini yake kweupe mpaka mwisho.

"Hiyo?" yule baba akasema alipoona namna ninavyoitazama. "Ilitoka siku nilipochapisha historia ya msiba mmoja. Mstari mmoja tu ukurasa mzima. Nikajua mashine imekosea. Mimi karatasi nzuri sipendi kuitupa."

Nikamuuliza kwa nini ilitoka hivyo. Akanieleza kwa utaratibu kwamba kompyuta yake haina zile herufi alizotumia aliyechapa, ikaweka za kwake, na za kwake ni pana kidogo. Maneno yakavimba, ya chini yakakosa nafasi, yakadondokea ukurasa wa pili. Akasema inatokea kila siku. Alisema hivyo bila ubaya wowote, huku anataka kuniagizia chai. Na mimi niliyetoka Iguguno na matusi kifuani nikakosa wa kumpa. Hakuna aliyemchukia mtoto yule. Ningepata hata mmoja wa kumchukia ningelala. Nikalia pale kwenye benchi lake, akanibandulia karatasi taratibu na selotepu zake, akanipa.

Nilimpa Elina ile karatasi. Akaisoma upande wa tangazo, akaigeuza, akasoma upande wa pili. Akakaa nayo magotini.

"Ni mimi," akasema.

"Ni kompyuta, Elina. Herufi za kule ni pana."

"Uliniambia chini pamebana."

"Acha hayo."

"Uliniambia, Amne."

Tukaenda kwa mzee Antipasi, sisi wawili, tumejitanda khanga. Shikamoo, marahaba, tukapewa viti. Elina akaweka ile karatasi mbele yake, akaeleza yote bila kujitetea. Mzee akavaa miwani, akasoma: "Lamineshení hakuna leo." Akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya lile jina, na mimi nikaanza kuwa na tumaini, mjinga mimi.

"Binti yangu," akasema, "nakuamini. Nilikuwa na ndugu yangu hospitali, nilisikia alichosema. Lakini kesho keshokutwa mtoto huyu ataulizwa, ulisomwa wapi? Atajibu nini? Kwenye kioo cha duka?"

Elina akainamisha kichwa.

"Karatasi mimi naiona," mzee akasema. "Laurian haioni."

Hakutufukuza. Alitusindikiza mpaka njia panda na kututakia safari njema. Angetufukuza ningejua la kufanya.

Wiki iliyofuata ndipo Fredrick, fundi wa printa, akajitokeza, anatania kama kawaida yake, hajui kitu. Akatengeneza printa, akaomba faili lolote la kujaribishia. Elina akafungua ile historia, sijui kwa nini, labda ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Fredrick akaitazama, akabonyeza mahali, na kwenye kioo zikatokea alama ndogo ndogo nyeusi, zimepangana kutoka juu, zimejaa kati ya maneno, kila mahali palipokuwa peupe. Ilikuwa kama nguo iliyogeuzwa ndani nje, mishono yote inaonekana.

"Dada, hizi zote ni enta zako," akasema. "Mbona umejitesa hivi?"

Akamwonyesha. Kuna sehemu ya kupanga ukurasa, wanaiita Peji Setapu, ndani yake kuna kidirisha kidogo kinauliza maneno yakae wapi: juu, katikati, au chini. Unachagua katikati, basi, mashine yenyewe inapima weupe wa juu na wa chini. Akafuta enta zote, akachagua, na historia ya Laurian ikajikusanya yenyewe, ikapanda, ikatulia katikati ya karatasi. Juu nafasi, chini nafasi. Akabadilisha herufi, akaweka nene kabisa, na bado jina la Faith lilibaki palepale chini ya Hana, na nafasi imezidi.

"Enta ni mstari mtupu," Fredrick akasema, "lakini nao unahesabiwa. Unakula nafasi kama mstari mwingine. Hii mitupu ndiyo inayosukuma ya chini nje."

"Na hicho kidirisha," Elina akauliza, "kimekuja lini?"

"Kipo siku zote, dada. Hata kwenye hii yako ya zamani."

Elina akacheka. Kicheko kile sitaki kukisikia tena. Fredrick akanitazama, nikamfanyia ishara akusanye bisibisi zake aende.

Tangu siku hiyo ta-ta-ta hakuna. Anachapa kimya, anabonyeza kidirisha chake, anatoa karatasi. Kazi imekuwa nzuri zaidi, wateja wanasifu, na mimi kimya kile kinanitia wazimu. Namchokoza: "Siku hizi hutwangi?" Anavuta karatasi nyingine. Faith anapitia hapa akitoka shule, lakini chini ya meza yangu vipande havina mtu wa kuviokota, kashakua. Lile gauni la kitenge liko kwenye sanduku. Nilimwambia alivae kanisani, akanijibu kwa adabu tu, "Ni la watoto wa marehemu, ma'mdogo."

Juzi mzee Antipasi amekuja. Matanga yamekwisha, ukoo unataka karatasi ya shukrani ya kubandika kanisani, na wengine waweke ukutani majumbani. Nilijua angeweza kwenda mjini. Nadhani alitaka kumpa Elina heshima, kwa namna yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja, fimbo kati ya magoti. Akataja maneno, Elina akaandika. Walipofika kwenye majina mzee akakohoa.

"Uandike kama ilivyosomwa," akasema.

Mimi nikasimamisha cherehani. Elina hakugeuka. Akaandika Emiliana. Akaandika Joshua, Lucy, Simeoni, Hana. Akaweka nukta. Akaenda kwenye kile kidirisha chake, akachagua katikati, na maneno yakashuka yenyewe yakatulia. Hata enta moja hakugonga.

"Imekaa vizuri sana," mzee akasema, na alikuwa anasema kweli. "Una mkono wewe."

Printa ikaanza kunguruma. Hapo ndipo Faith akaingia, ametoka shule, begi begani. Akamwona mzee, akapiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia, kama tunavyomwitikia mtoto wa yeyote.

Karatasi ikatoka. Faith ndiye aliyekuwa karibu, akaichukua. Akaisoma yote, polepole, mpaka kwa Hana. Elina alikuwa ameshika ukingo wa meza, na mimi nimeshika mkasi sijui wa nini.

"Mama," akauliza, "ni ukurasa mmoja tu?"

"Mmoja tu, mwanangu."

"Hakuna kilichodondokea wa pili?"

"Hakuna."

Faith akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Kisha akampa mzee kwa mikono miwili.